Mrejesho: mdogo wangu aliyekuwa anaharisha kambini

Wakuu, mimi ndiye yule askari niliyeuliza nimsaidieje mdogo wangu, tuko naye kikosi kimoja, aliyekuwa akiharisha maji matupu na kutapika wakati pakiti za ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) zimeisha na barabara imefungwa kwa mapigano. Anaendelea vizuri, namshukuru Mungu.

Nilitumia ule mchanganyiko wenu: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, bila kurundika. Mwanzoni alitapika kila alichokunywa, nikawa nampa kijiko kimoja kimoja. Kazi ya kuchosha, hasa ukiwa umetoka lindo. Nikimfinya ngozi ya tumbo ilibaki imesimama, dalili ya kuishiwa maji. Ilipoanza kurudi upesi na mkojo ukatoka, nikapumua.

Tabibu alipofika alimtundikia dripu. Sasa anakula na ameanza kuulalamikia uji wa kambini, dalili niliyoiamini kuliko zote.

Mliouliza kama choo kiko karibu mno na kisima: kweli, hakifiki mita 30 kutoka kisimani. Nimemweleza mkubwa wangu kikosini, nasubiri jibu. Hema la jirani naye mmoja kaanza kuharisha.