Fundi kasimamisha kazi kwenye lenta, anataka nyongeza ya milioni 5.5. Nianzie wapi kisheria?

MamaWawili
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana usiku silali. Mimi kazi yangu iko Mtwara, kiwanja kipo Chanika Dar. Mwaka jana mwezi wa 9 niliandikishana na fundi mmoja anijengee vyumba vitatu hadi kupaua, yeye ananunua vifaa na kila kitu, jumla milioni 31. Tulikubaliana msingi hadi jamvi (zege la sakafu) 12, boma hadi lenta (ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha) 9, kupaua 10. Nimeshampa 26, yaani zile mbili za mwanzo zote na milioni 5 za kuanza kununua mbao za kenchi za paa, na mbao zenyewe sijaziona hadi leo.

Sasa mwezi wa pili kasimamisha kazi, anasema nondo na saruji zimepanda kwa hiyo nimuongeze milioni 1.6, halafu anadai tena 3.9 za chumba cha stoo na baraza. Hapo niseme ukweli, stoo na baraza ni kweli niliomba mimi, nilimpigia simu wakati yuko kwenye msingi akasema haina shida dada tutaelewana. Bei hatukutaja.

Juzi nimeomba ruhusa kazini nikaja saiti, nikakuta lenta upande wa jikoni ina ufa unaingiza ncha ya kisu. Nikamuuliza akaniambia huo ni ufa wa ripu (plasta) tu, wakati ripu hata hatujapiga! Mixer yake ya zege ipo pale, kamuweka na kijana wa kulinda, na kasema fundi mwingine hakanyagi hapo mpaka nimlipe. Masika hayo yameshaanza. Niende polisi, mahakamani, au nimtoe tu niweke mtu mwingine? Hii hela ni mkopo wa kazini, nakatwa kila mwezi.

Kijana wa Mbagala
Pole sana dada. Huyo peleka polisi alale ndani siku mbili, hela itapatikana. Mafundi wengine bila hivyo hawaelewi.

Wakili Mshamba
Dada yangu usifanye hivyo tafadhali. Kazi ilifanyika, lenta ipo, mkataba upo, hayo ni madai na siyo jinai, na polisi siyo wakusanya madeni. Ukimsweka ndani atatoka kwa dhamana, na kuanzia siku hiyo hakuna mazungumzo tena, nimeshaona watu wanakaa miaka na boma halina bati kwa sababu ya siku mbili za selo. Jinai ingekuja kama tangu mwanzo alikudanganya ili akuchukulie hela, na hilo inabidi ulithibitishe.

Kwanza chukua mkataba wako, soma kipengele cha migogoro neno kwa neno halafu utuandikie hapa. Kama kinasema mgogoro uende kwa msuluhishi, yaani mtu wa kati anayesikiliza na kutoa uamuzi, basi ukikimbilia mahakamani mwenzio anaweza kuomba kesi isimame mpaka muende kwa huyo msuluhishi kwanza, Sheria ya Usuluhishi ya 2020 iko hivyo. Kwa mambo ya ujenzi Baraza la Taifa la Ujenzi, NCC, wanateua wasuluhishi na wana kanuni zao. Mwingine atakwambia uende baraza la kata, lakini huu siyo mgogoro wa ardhi, kiwanja hakuna anayebishania, na hata kwenye ardhi yale mabaraza tangu 2021 yanapatanisha tu, hayatoi hukumu.

MamaWawili
Asante sana wakili. Kipengele cha 9 kinasema "kukitokea kutoelewana wahusika watakaa mbele ya serikali ya mtaa, ikishindikana sheria itachukua mkondo wake". Msuluhishi hajatajwa. Mwenyekiti wa mtaa alisaini kama shahidi na muhuri upo.

QS Gongolamboto
Mimi ni mkadiriaji majenzi, naomba niongee kwa kirefu kidogo maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki yao. Dada, USIGUSE CHOCHOTE pale saiti mpaka kazi ipimwe. Usibomoe hiyo lenta, usimuingize fundi mpya hata kwa siku moja. Siku ukibomoa umeua ushahidi wako mwenyewe, akija kusema ufa kausababisha fundi wa pili utamjibu nini?

Tafuta QS au injinia aliyesajiliwa, mpe mchoro na mkataba, aje apime kazi iliyofanyika mpaka leo, na mwandikie fundi barua kumtaarifu siku na saa ya kupima ili awepo. Asipokuja mtapima hivyo hivyo na mjumbe au mwenyekiti akiwepo. Piga picha nyingi, ufa weka na futi kabisa ili upana uonekane. Kwenye lenta injinia atataka kujua nondo gani zimelazwa, kama mchoro unasema milimita 12 na yeye kaweka 10 hilo halina mjadala. Atauliza pia mbao za chini zilizobeba zege zilitolewa siku ya ngapi na kama zege lilimwagiliwa maji, kwa sababu zege nguvu yake inapimwa siku ya 28, ukilitoa mbao siku ya tatu kwenye uwazi mpana wa dirisha la jikoni, kupasuka ni jambo la kutegemea.

Kuhusu bei kupanda, umempa bei moja ya jumla na hakuna kipengele cha kupanda bei, hiyo 1.6 mimi siioni. Hata kwenye miradi mikubwa inayotumia mikataba ya FIDIC, ile ya kimataifa ya ujenzi, mkandarasi anatakiwa atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu ajue tatizo, siyo kukaa kimya akala hela ya hatua nzima ndo akumbuke nondo zilipanda. Ila stoo na baraza utalipa dada, hapo usijidanganye. Swali ni kiasi gani, na hiyo 3.9 yake ipimwe kama kazi nyingine.

Fundi Mwakaleli
Mi ni fundi miaka 17 naomba na upande wetu usikike. Matajiri wa simu ndo wanatuumiza, anapiga kutoka mkoani ongeza hiki sogeza ukuta, ukitaja bei anasema tutaongea, ukimaliza anakwambia haipo kwenye mkataba. Huyu mwenzangu kwenye stoo ana haki yake kabisa. Lakini kuchukua 5 za mbao na mbao zisionekane, hapana, hiyo kaipeleka saiti nyingine kuzibia shimo, sisi tunajuana. Na lenta ikipasuka unairudia kwa gharama yako bila kuambiwa.

Wakili Mshamba
Fundi umesema kweli, na sheria inakuunga mkono. Sheria ya Mikataba Sura 345 inakubali makubaliano ya mdomo, na mtu akikufanyia kazi ambayo si ya bure, ukaipokea na kunufaika nayo, unapaswa kumlipa. Kwa hiyo dada usiingie kwenye kikao ukasema stoo hailipwi, utaonekana mkorofi hata pale ulipo na haki.

Baada ya vipimo mwandikie notisi, mpe siku 14, taja mambo matatu tu: mbao au hela yake, lenta, na kuondoa mixer. Wakati huo kusanya miamala yote ya simu na benki. Meseji za WhatsApp usifute hata moja na simu yenyewe itunze, tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 mahakama inazipokea ukionyesha zilikotoka. Ikifika mahakamani, deni la mkataba lisilozidi milioni 30 linaweza kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Ukitaka na fidia ya lenta na ya kuchelewa, mimi ningeenda Wilaya. Na kifungu cha 73 cha hiyo Sheria ya Mikataba kinakupa fidia ya hasara lakini kinaangalia pia ulifanya nini kuipunguza, kwa hiyo kazi ikishapimwa na notisi ikaisha, endelea na fundi mwingine, usiache boma linyeshewe mwaka mzima ukisubiri hukumu.

Kijana wa Mbagala
Nimekuelewa wakili, nafuta kauli yangu ya polisi. Dada na hiyo bodi ya makandarasi CRB je, si wanaweza kumbana?

QS Gongolamboto
CRB wana meno kwa mkandarasi aliyesajiliwa, wanaweza hadi kumfutia usajili. Dada angalia kama kwenye mkataba kuna namba ya usajili na uulize bodi kama ni yake kweli. Ila kurudisha hela yako ni kazi ya mahakama.

MamaWawili
Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Namba ya usajili hakuna, ni fundi wa mtaani tu. QS alikuja, nimemlipa laki 4, na fundi mwenyewe alikuwepo. Stoo na baraza imetoka milioni 3.2. Lenta imechokonolewa, nondo ni za 10 na mchoro unasema 12, alinyamaza kimya. Tumekaa jana ofisi ya mtaa masaa manne, ile ya bei kupanda kaiacha mwenyewe. Tumekata 3.2 kwenye ile 5, kwa hiyo ananirudishia 1.8 kwa awamu mbili, na lenta ya jikoni anaibomoa na kuirudia kwa hela yake injinia akiwepo kabla ya kumwaga zege. Kupaua nampa mtu mwingine. Karatasi inaandikwa leo jioni, niombe iandikwe vipi ili awamu ya pili isije ikapotea?

Wakili Mshamba
Hongera sana dada. Aandike kwa mkono wake "nakiri kudaiwa", kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kila awamu, na kwamba asipolipa ya kwanza zote mbili zinadaiwa kwa pamoja. Lenta iwe aya yake, na tarehe ya mwisho. Mashahidi wawili, mmoja wa upande wake. Hapo umebaki na deni lililokiriwa kwa maandishi, Mahakama ya Mwanzo halitakusumbua, na muda wa miaka sita wa kudai unahesabiwa upya kuanzia leo. Na mixer isitoke pale kabla hajasaini.

MamaWawili
Nimenakili yote. Naelekea ofisi ya mtaa sasa hivi.