Mama anakuja Septemba: Uluru au Grampians?

BintiChumbageni
Wakuu, salamu. Mama anakuja Melbourne Septemba, mara yake ya kwanza. Sitaki kumzungusha mjini kupiga picha mbele ya maghorofa, maghorofa hata Dar yapo. Nataka aione Australia ya mashambani, atembee porini kidogo, asikie habari za wenyeji asilia kutoka kwa wenyewe. Nimebakiwa na mawili: Uluru, lile jiwe kubwa la jangwani, au Grampians, milima ya huku Victoria. Tiketi za ndege za Uluru nimezipata kwa bei nzuri ila ofa inakwisha Ijumaa. Mngekuwa nyinyi mngeenda wapi?

Mzee wa Dandenong
Uluru, usiulize mara mbili. Lile jiwe wakati jua linazama linabadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka kutu mpaka zambarau. Mimi si mtu wa kulia, lakini siku ile niliomba kitambaa.

Kisauni_kwetu
Ngoja kwanza. Mama ana umri gani? Anaweza kutembea? Mko wangapi? Gari mnalo? Mfukoni kuna ngapi? Dada, umeuliza nauli bila kusema unashuka wapi.

Mwalimu wa Ballarat
Grampians, na jina lake la asili ni Gariwerd. Saa tatu tu kwa gari kutoka Melbourne, na getini hulipi kitu. Halls Gap, kijiji cha pale milimani, kangaruu wanakula majani uwanjani kama mbuzi wa jirani. Ila angalieni kwanza njia zipi zimefunguliwa, maana moto wa Desemba 2024 uliunguza eneo kubwa la hifadhi. Na njiani mnaweza kupita kwetu Ballarat mkamwonyesha mama dhahabu inavyochekechwa mtoni pale Sovereign Hill.

Lushoto_Mlalo
Ukienda Grampians usiendeshe saa za magharibi. Narudia: USIENDESHE JUA LINAPOZAMA.

Sisi tulikodi gari, tukapanga kutoka saa tatu asubuhi. Shemeji yenu akasema hatuondoki bila chapati za njiani. Tukaondoka saa nane mchana. Tulipoipita Ararat jua lilikuwa linanipiga usoni, barabara nyeupe, mimi na wimbo wangu. Kangaruu sikumwona akija. Nilimwona akiwa tayari kwenye boneti. Taa ya kushoto ikaenda, rejeta ikapasuka, maji ya kijani yakatiririka barabarani. Simu haina mtandao. Tukakaa humo ndani tukila zile chapati, hakuna anayemwangalia mwenzake.

Baada ya kama dakika arobaini akatokea mkulima na pikapu. Hakutusalimia wala hakulitazama gari. Alikwenda moja kwa moja kwa yule mnyama, akapiga goti, akatia mkono kwenye mfuko wa tumboni kutafuta kama kuna mtoto. Ulikuwa mtupu. Akapangusa mkono kwenye suruali, ndipo akatuuliza kama tumeumia. Alituvuta mpaka mjini na hakutaka senti.

Sasa kampuni ya magari. Mkataba, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo kama chungu: ukigonga mnyama kuanzia jua linapoanza kuzama bima haihusiki. Nikalipa dola 3,800. Ningempeleka mama yangu Makka kwa sehemu ya hizo.

Mzee wa Dandenong
Pole sana ndugu yangu. Lakini hiyo kesi ni ya chapati, si ya Grampians.

Lushoto_Mlalo
Mzee, shemeji yako anasoma hapa.

BintiChumbageni
Poleni na safari, kaka. Haya, majibu: mama ana miaka 67, goti la kulia linamsumbua, ngazi kwake ni adhabu. Tuko mimi, yeye na mwanangu wa miezi 9.

Kisauni_kwetu
Mtoto wa miezi 9! Na ulikuwa unatuambia lini?

Nesi wa Alice
Nimeishi Alice Springs, mji wa katikati ya Australia, miaka minne, niseme machache. Dada, watu wanadhani Uluru ni kwa wenye miguu tu. Sivyo. Kulipanda kulifungwa 26 Oktoba 2019, siku ile ile waliyorudishiwa ardhi yao Waanangu, wenyeji asilia wa pale, mwaka 1985. Kwa hiyo hakuna wa kukuonea aibu kwamba hukupanda. Kulizunguka jiwe zima ni kilomita 10 na ushee, hiyo achana nayo. Lakini njia ya kwenda kwenye dimbwi la Mutitjulu ni kama kilomita moja kwenda na kurudi, tambarare, na chini ya jiwe kuna michoro ya zamani. Mama akitembea polepole na kupumzika ataweza.

Ubaya wake: malazi yako Yulara peke yake, kimji cha watalii hapo karibu, na bei wanajipangia. Usiku wa Septemba ni baridi. Na inzi! Nunua chandarua cha kichwani, hata cha mtoto. Watu wanacheka siku ya kwanza, siku ya pili wanauliza kinauzwa wapi.

Mwalimu wa Ballarat
Na Gariwerd kuna Boroka, gari linafika karibu kabisa na pa kutazamia, bonde lote liko chini yako. Pinnacle na chini ya maporomoko ya MacKenzie msimpeleke, huko ni ngazi tupu.

Mpemba wa Geelong
Wote mmekosea. Mama wa Tanga unampeleka jangwani akaangalie jiwe? Mpeleke Budj Bim, kusini-magharibi ya Victoria hapo hapo. Wagunditjmara, wenyeji asilia wa huko, walijenga mifereji na mabwawa ya mawe kwenye lava kunasa mikunga, wale samaki kama nyoka, miaka 6,600 iliyopita. UNESCO waliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2019. Mimi nilisimama pale nikamwona babu yangu na uzio wake wa kunasia samaki. Sisi tunapanga fito, wao walipanga mawe, lakini akili ni moja: maji yanatoka, samaki anabaki. Mama ataelewa bila mkalimani.

Kisauni_kwetu
Mkunga? Kwetu akiingia kwenye dema tunamrudisha baharini.

Mpemba wa Geelong
Ndiyo maana mnanunua samaki wa barafu. Pale wanamkausha kwa moshi, ni mtamu.

Mzee wa Dandenong
Maadamu tumefika kwenye mambo ya pwani: mnajua sarafu za Kilwa ziliokotwa Australia? 1944, visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, askari wa jeshi la anga alizikuta mchangani. Tano, za shaba. Hata yeye hakujua ni nini mpaka 1979. Babu zetu walifika kabla ya Cook, yule nahodha Mwingereza!

Mwalimu wa Ballarat
Mzee, sarafu zinasafiri bila mwenyewe. Palikutwa na za Kidachi pia. Huenda alizileta yeyote kati ya mabaharia.

Mzee wa Dandenong
Za Kidachi ndizo zilizoletwa na mabaharia. Za Kilwa zililetwa na Mswahili.

Mpemba wa Geelong
Na kama aliondoka Kilwa, basi nahodha alikuwa Mpemba.

BintiChumbageni
Jamani, leo Alhamisi. Nimemwuliza mama mwenyewe kwa simu, nikamweleza jiwe, nikamweleza milima, nikamweleza mikunga. Akanijibu, "Huko kuna baridi? Nije na vitenge vingapi?"

Nesi wa Alice
Mwambie alete na sweta.

Kisauni_kwetu
Mzee, hizo sarafu ziko makumbusho gani? Nataka kuziona kwa macho yangu.