Vita vya Guinea-Bissau: tukio gani hasa liligeuza mambo?

Mwalimu_Arua
Habari za jioni, wenzangu. Wanafunzi wangu wa S.6 (kidato cha sita) wakipewa swali la vita vya ukombozi vya Guinea-Bissau dhidi ya Ureno, karibu wote hutaja kifo cha Amílcar Cabral, kiongozi wa chama cha ukombozi cha PAIGC, 20 Januari 1973, kuwa ndicho kilichogeuza vita. Wachache hutaja makombora ya kudungulia ndege, wakaishia hapohapo. Naomba mnisaidie: tukio lipi lina hoja nzito zaidi, na mwanafunzi alitetee kwa ushahidi gani?

Masindi_Kaskazini
Mwalimu, wape kipimo kwanza, tukio baadaye. Kinachogeuza vita ni kile ambacho adui, hata akijitahidi vipi, hawezi tena kurudi alipokuwa. Ukipima hivyo, kifo cha Cabral kinaanguka mapema. Pigo lilikuwa kubwa mno, lakini PAIGC haikusambaratika. Aristides Pereira alishika uongozi, na kabla ya miezi 5 kupita chama kilikuwa kinazingira kambi kubwa za Wareno kaskazini na kusini kwa wakati mmoja.

Mimi ningewapeleka Machi hadi Mei 1973. Nchi ile haifiki moja ya sita ya Uganda kwa ukubwa, ila mito na mikoko imeikatakata vipandevipande, na barabara chache zilizopo zilikuwa zimetegwa mabomu. Ureno ilikuwa na askari zaidi ya 30,000, wengi wao wametawanywa kwenye kambi ndogondogo. Kambi ya aina hiyo hupata chakula kwa mashua au ndege, na ikishambuliwa huokolewa na ndege. Helikopta za Alouette III zilibeba majeruhi na makomando, na ndege za Fiat G.91 zilipiga mabomu. Mbinu zote za Jenerali Spínola, gavana na kamanda mkuu wa Wareno huko, tangu alipofika mwaka 1968 zilisimama juu ya ndege hizo.

Kisha yakaja makombora ya Strela-2 kutoka Urusi ya Kisovieti, yanayobebwa begani na kufuata joto la injini. G.91 ya kwanza iliangushwa 25 Machi, ya pili siku 3 baadaye. Hapa ndipo wanafunzi wanapokosea: huandika kwamba Wareno walipoteza anga lote. Hawakulipoteza. Marubani walibadili mwendo, wakaruka juu sana au wakapita karibu na vichwa vya miti, na ndege ziliendelea kufanya kazi. Kilichopotea ni uhakika. Bomu linaloangushwa kutoka juu sana hukosa shabaha, helikopta ya majeruhi huchelewa, na askari aliye kambini huanza kujiuliza kama kuna atakayemjia.

Matokeo yake yanaonekana Guileje, kusini, karibu na mpaka wa Guinea ya Conakry. Kambi ilipigwa kwa mizinga, na maji yalikuwa yakichotwa nje ya uzio, kwenye njia ambayo wapiganaji waliivizia. Tarehe 22 Mei kamanda, Meja Coutinho e Lima, aliihama kambi bila idhini, akaondoka na askari wake pamoja na raia wa hapo. Wakuu wake walimkamata. Huo ndio ushahidi ambao mwanafunzi autumie: afisa mzoefu ameona afadhali kushtakiwa kuliko kubaki.

Mzee_wa_Kasese
Nakubali hayo ya Guileje, lakini kombora linahitaji mtu wa kulibeba, njia ya kulipitisha na kijiji cha kumlisha huyo mtu. Kwa hiyo mimi narudi nyuma miaka 9, hadi mkutano wa PAIGC uliofanyika Cassacá, kusini mwa nchi, Februari 1964.

Vita vilikuwa vimeanza Tite, Januari 1963, na vikaenea haraka kuliko chama kilivyoweza kuvisimamia. Kila kikosi kilifuata kamanda wa eneo lake. Baadhi ya makamanda wakajifanya watemi: waliwaonea wanavijiji, wengine wakawaua watu kwa tuhuma za uchawi. Mapambano ya namna hiyo hufa yenyewe bila adui kufyatua risasi. Cassacá iliwaita makamanda hao kujibu, na waliokaidi wakahukumiwa, wengine hadi kufa. Wapiganaji wakawekwa chini ya jeshi moja, FARP, na kila kamanda akawa na kamisaa wa siasa, yaani mwakilishi wa chama, pembeni yake.

Kwa raia, kila kijiji kilichokombolewa kilichagua kamati ya watu 5, na angalau 2 wawe wanawake. Yakafunguliwa maduka ya wananchi: mtu analeta mchele au ngozi, anaondoka na nguo, chumvi, sabuni, bila pesa ya Mreno kuhusika. Mwanafunzi asilipite hili mbiombio. Bidhaa zilipopungua, watu walianza kuhamia upande wa Wareno au kuvuka kwenda Senegal, na Spínola alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alijenga shule, visima na zahanati. Kati ya 1968 na 1972 vita vilikuwa vya kugombea tumbo na imani ya mkulima. Cabral alikuwa mtaalamu wa kilimo, na ndiye aliyeongoza sensa ya kilimo ya nchi ile miaka ya 1953 na 1954. Alijua kijiji gani kinalima nini.

Mwalimu_Arua
Asante, Mzee. Na tarehe ya uhuru? Wengine huandika 1973, wengine 1974.

Masindi_Kaskazini
Zote zina mahali pake. PAIGC ilitangaza uhuru 24 Septemba 1973 katika eneo la Madina do Boé, ambako Wareno walishaondoka tangu Februari 1969. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, 2 Novemba 1973, likalaani Ureno kwa kuikalia nchi hiyo kinyume cha sheria. Ureno yenyewe iliukubali uhuru huo 10 Septemba 1974.

Katikati ya tarehe hizo kuna 25 Aprili 1974, serikali ya Lisbon ilipopinduliwa na maafisa wa jeshi. Mwanafunzi asiandike kwamba mapinduzi hayo yalileta uhuru kama zawadi. Makapteni wa jeshi la Ureno, ambao vuguvugu lao ndilo lililozaa mapinduzi hayo, walianza kukutana Bissau kwenyewe, Agosti 1973, miezi 3 baada ya Guileje. Mwanzoni walilalamikia sheria ya kupandishwa vyeo, lakini waliokuwa wakilalamika ni wale walioiona vita ile kwa macho.

Mzee_wa_Kasese
Basi, Mwalimu, swali likisema "tukio moja", achague 1973 na aya ya pili aieleze Cassacá kama sababu. Likisema "matukio", aanze 1964 na aende kwa mpangilio wa miaka. Akianza na kifo cha Cabral, Cassacá itamponyoka.