Mtoto kaniuliza summer yetu ni lini, nimekwama. Walimu mko wapi?

mwalimu_mgeni

Habari zenu. Niko na maswali mawili yamechanganyikana kwa hivyo mnivumilie, shule zimefungwa juzi na ndio napata nafasi ya kukaa chini bila madaftari ya mtu mbele yangu.

Mimi ni intani wa JSS (sekondari ya chini), mwaka wangu wa kwanza, nafundisha pande za Ahero huko Kisumu lakini nyumbani ni Njoro, Nakuru. Yaani nimetoka mahali watu huvaa marvin, ile kofia ya sufu, mwezi wa saba mchana kweupe, nikaletwa mahali saa nane mabati inalia pa! pa! juu ya kichwa ikipata moto na wewe uko chini yake na watoto 58 na chaki imeyeyukia kwa vidole. Muhula wa kwanza nilikuwa bado nabeba sweta kwa mkoba, mazoea tu, walimu wenzangu walinicheka mpaka nikaiacha kwa nyumba na siku hiyo ndio mvua ikanipata kwa steji. Haya.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga nilikuwa na gredi ya 8 baada ya lanchi, na mnajua hiyo saa, mmoja analala na macho wazi, mwingine anajipepea na kitabu cha serikali. Nikaamua niwachangamshe na stori. Nikawaambia niko na rafiki yangu wa chuo sai yuko Leeds huko Uingereza anafanya kazi ya kuangalia wazee, na juzi aliweka status ati summer imewaua, digrii 27 na hawezi kulala. Darasa ikacheka, kwa sababu hiyo 27 kwetu ni siku ya kawaida na ya kupumua. Halafu kasichana kamoja ka dirishani, huwanga hakaongei, kakainua mkono. "Mwalimu, na sisi summer yetu ni lini?" Nikasema sisi hatuna. Kakaniangalia. "Mbona hatukupewa?"

Wueh. Nikasema tutaongea kesho. Kesho ikawa siku ya kusafisha madarasa, keshokutwa tukafunga. Na ukweli ni kwamba sina jibu la maana, mimi nilisomea historia na dini, hii mambo ya majira nimerithi tu juu walimu ni wachache na ratiba haikuulizi umesomea nini.

Swali la pili ni la huyo rafiki mwenyewe na hapa naomba msinicheke. Tulikuwa wanne chuoni, mmoja ameolewa Kakamega, mwingine anauza mitumba hapo Nakuru, huyu akaenda. Tukakubaliana mimi na yeye Jumapili saa nne usiku saa zetu tunapigiana, kabla hajaingia shifti ya usiku. Miezi ya kwanza ilienda poa kabisa. Sasa tangu kama mwezi wa nne hivi ameanza kunipigia saa tatu, na anajua vizuri saa tatu simu yangu iko kwa chaji kwa mama mwenye nyumba, kwangu stima haijawekwa. Nikichukua simu napata missed call ya saa tatu na dakika mbili. Napiga saa nne kamili, haishikwi. Kila Jumapili! Ni kama anapiga tu ili aseme alipiga. Sijamuuliza, na yeye hajaniuliza, siku hizi ni kutumiana vikatuni tu. Labda majuu imemwingia, ama labda ni mimi naona wivu hapa na elfu 17 yangu ya baada ya makato.

Kwa hivyo: mtoto ningemjibu aje, na huyu rafiki nimwache ama?

jaduong_wa_Kano

Karibu Ahero nyathi (mtoto) wa Njoro. Mwambie huyo mtoto summer tunayo, inaanza Januari mpaka masika ijifikirie. Udongo mweusi wa Kano unapasuka mpaka unaingiza mguu kwa ufa, ng'ombe anakuangalia kama wewe ndio ulifunga mvua. Halafu ikija inakuja yote pamoja, mto Nyando unaingia kwa sebule bila kubisha.

Na hiyo joto ya saa nane ukiistahimili mpaka saa tisa unapata malipo, upepo wa ziwa unafika. Mchana nchi kavu inapata moto haraka kuliko maji, hewa ya hapa inapanda juu na ile ya ziwani inakuja kujaza nafasi. Ukiona mawingu yanajipanga upande wa vilima vya Nandi saa kumi hivi, usiende steji bila mwavuli, upepo wa ziwa umekutana na ule wa kutoka huko juu na wakikutana wanagombana. Radi utaiskia. Usiku ni kinyume, upepo unatoka kwetu kwenda ziwani, wavuvi wa omena (dagaa) wanaujua kuliko mimi na wewe.

Ya rafiki sina maoni. Mimi wangu wote wako hapa na wananidai.

TichaMaseno

Mwalimu mwenzangu, hapo kwa mtoto umepewa somo la bure na ulilikimbia.

Kwanza mtoe kwa kosa ambalo hata watu wazima wako nalo, kwamba huko kuna joto juu dunia imesogea karibu na jua. Siyo. Mwanzoni mwa Julai ndio dunia iko mbali kabisa na jua, kama kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari ndio iko karibu, kama milioni 147. Sasa Januari Leeds wanakula baridi ya kuvunja meno. Kwa hivyo umbali siyo kitu.

Kitu ni dunia imeinama, digrii 23 na nusu. Mimi huchukua chungwa nalidunga kijiti katikati, nafunga madirisha nawasha tochi ya simu. Ukilishika wima mwanga unafika sawa juu na chini. Ukiliinamisha kichwa kikaegemea tochi, juu kunapata mwanga mwingi na mrefu, chini kunapata wa kuponyoka. Halafu bila kubadilisha vile limeinama unalizungusha upande wa pili wa tochi, sasa ni chini ndio kunaangaliwa. Hiyo ndio summer na winta. Lakini waambie waangalie katikati ya chungwa, pale kiunoni. Hapo mwanga haujabadilika sana. Hapo ndio sisi, na mimi nasema hivyo nikiwa Maseno kabisa, ikweta inapita hapa. (Chungwa usilete zaidi ya moja, litaliwa kabla ya somo kuisha, naongea kwa uchungu.)

Kwa hivyo hatukunyimwa. Wenzetu wanapewa jua kwa mkupuo halafu wananyang'anywa, sisi tunapewa kipande kile kile kila siku. Leeds mwezi wa sita jua linatua saa tatu na nusu usiku, na Desemba saa kumi kasoro jioni limeenda. Hapa Kisumu kati ya siku linatua mapema na siku linachelewa tofauti ni kama nusu saa mwaka mzima. Ndio maana wazee wetu waliweza kuanza kuhesabu saa asubuhi jua likitoka na hesabu ikakaa, saa moja ni saa moja Januari na Julai. Jaribu kuhesabu hivyo Uingereza uone utaamka saa ngapi.

Na kazi ya muhula wa tatu nakupa. Mlingoti wa bendera. Hapa kwetu jua linafika juu kabisa karibu saa saba kasoro dakika ishirini hivi, siyo saa sita. Mkifungua tu mwishoni mwa Agosti, watoto waweke kijiti pale kivuli kinaishia hiyo saa. Kitakuwa kimelala kusini, kwa sababu jua liko kaskazini yetu. Kila wiki kitafupika, ikifika kama tarehe 22 au 23 Septemba kinapotea chini ya mlingoti, halafu Oktoba kinaanza kutokea upande wa pili. Huyo wa dirishani mpe kazi ya kuandika. Huwanga ni hao.

Baridi yenu ya Njoro ni habari nyingine, hiyo ni urefu. Ukipanda mita 1,000 unapoteza kama digrii sita na kitu, na kutoka Ahero mpaka kwenu ni hiyo elfu moja kama si zaidi. Mwezi wa saba ongeza mawingu ya siku nzima, basi, marvin.

Kiswahili_Lugha_Yangu

Nitie neno moja tu. Vitabu vinafasiri summer kama kiangazi na winter kama kipupwe, na hapo ndipo watoto wanapotea. Kiangazi chetu ni cha Januari na Februari, jua na ukavu. Kipupwe ni ile baridi ya Juni mpaka Agosti, watu wa pwani wanaijua. Sasa mtoto akisoma "wakati wa kiangazi mwezi wa Julai" huku amejikunyata kwa shuka, atauamini ubao ama ngozi yake? Mimi huandika majira ya joto, halafu nataja ya wapi.

BodaKondele

Mwalimu wa kiswahili ameingia na mkwaju 😂😂

sista_yuko_majuu

Nimesoma hii yote nikingoja mtu aseme na hakuna amesema, mnaongea machungwa tu.

Mwalimu_mgeni, rafiki yako hajakutupa. Ni saa zao zimesogezwa! Uingereza Jumapili ya mwisho ya Machi wanapeleka saa mbele lisaa limoja, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha. Winta tunawazidi na masaa matatu, summer ni mawili. Simu inajibadilisha yenyewe usiku, kwa hivyo yeye wala hakuona kitu. Piga hesabu: saa nne usiku yako ilikuwa saa moja jioni yake. Yeye bado anakupigia saa moja yake kama mlivyokubaliana, lakini sasa hiyo ni saa tatu yako na simu iko kwa mama mwenye nyumba. Wewe unapiga saa nne, kwake ni saa mbili, ameingia shifti, na huko simu inafungiwa kwa kabati.

Mimi na sista yangu tuligombana juu ya hii kitu mwaka mzima, mama akaingilia, tukaitana majina. Sai nimeandika kwa kalenda ya jikoni.

TichaMaseno

Eish. Na mimi nimefundisha hii chungwa miaka sita sijawahi kufika hapo kwa saa.

mtoro_wa_Nakuru

Elfu 17 na bado unapata bando ya kupiga Leeds, mwalimu wewe una siri gani tuambie

mwalimu_mgeni

Nimerudi. Ni Jumatatu, niko Njoro, sweta mbili, mvua imenyesha tangu saa saba na mama amekataa nizime jiko.

Nilisoma ya sista_yuko_majuu mara tatu. Nikarudi kwa simu nikaangalia zile missed call, zote ni saa tatu na dakika moja, mbili, tatu, hakuna hata moja ya kabla ya Jumapili ya mwisho ya Machi. Nikajiskia mjinga vibaya. Miezi minne mtu anafika pale pale tulikubaliana na mimi namwita mwenye majivuno kwa roho.

Jana nikakaa na simu mkononi tangu saa mbili unusu, na hapa nyumbani stima iko kwa hivyo hakuna kisingizio. Saa tatu na dakika mbili ikaita. Nikashika kabla ya mlio wa pili. Akanyamaza, halafu akasema "kumbe uko hai." Kumbe yeye alikuwa anaambia watu nimepata marafiki wapya wa Kisumu nimekuwa mtu wa samaki na ziwa siwezi shika simu.

Tulieleweshana hiyo mambo ya saa, akacheka mpaka akakaa chini. Nikamwambia aniwashie vidio. Ilikuwa saa moja jioni kwake na jua liko pale, kali, watoto wanaendesha baiskeli nje na nguo wameanika. Mama yangu akachungulia kwa bega langu, giza kwetu ni ya kukata na kisu, akauliza huyu anaongea na sisi kutoka jana ama kesho. Nikamwambia rafiki asogeze simu dirishani polepole, nikarekodi. Ni dakika moja na nusu. Tukifungua nitaonyesha gredi ya 8, halafu tutoke tuende mlingoti. Chungwa nitanunua mbili, moja ni ya kuliwa.

Oktoba mtu anikumbushe saa zinarudi. @sista_yuko_majuu ni Jumapili ya mwisho, ndio?

sista_yuko_majuu

Ndio. Na umwambie yeye pia aandike, usibebe peke yako.