Nawapataje watu wazima wa kukaa na vijana wetu Jumamosi, bila posho?

MamaCherehani_Igoma
Habari zenu wanajamvi. Niko Igoma, Mwanza, kazi yangu ushonaji. Mimi na wazazi wenzangu tumeomba darasa shule ya msingi ya jirani, Jumamosi mchana tunakaa na vijana: wa kidato cha tatu na cha nne, na wale waliomaliza wako nyumbani tu. Vijana wanakuja, hiyo si shida. Shida ni wakubwa. Kina mama tupo, wanaume hawaonekani, na wavulana wengine hawana baba wala mjomba wa kumuuliza kitu.

Nimetangaza kanisani, nimesimama hadi mkutano wa mtaa. Wanapiga makofi. Akija mmoja, anasimama mbele, "someni kwa bidii, epukeni makundi mabaya," anapigwa picha, anauliza kama kuna nauli, basi. Wiki inayofuata hapokei simu. Mwingine, mtumishi wa serikali na heshima zake, kaniambia waziwazi: "Mama, nikimzoea mtoto wa watu, kesho ataniomba ada." Nahisi huyo kasema wanachowaza wengi. Nifanyeje? Hela ya kuwalipa hatuna, na tungekuwa nayo tungewanunulia watoto madaftari.

mzee_wa_kona
Bila posho sahau, mama. Hii Bongo.

FundiUmeme_Nyakato
Mzee wa kona, usimkatishe tamaa mwenzio. Mimi sijalipwa hata soda na vijana ninao.

Mama, acha kutangaza. Tangazo likiwa la wote, kila mmoja anadhani anaambiwa jirani yake. Mfuate mtu kazini kwake, mwombe jambo moja linaloeleweka. Mimi nilifuatwa na balozi wetu: "Jumamosi ukienda saiti, mchukue huyu kijana akakushikie tochi." Hakutaja ulezi wala ushauri nasaha. Angetaja ningekimbia, maana mimi maneno ya mbele za watu sina.

Basi kijana akashika tochi. Baadaye nikampa testa. Kabla ya kitu kingine chochote namfundisha mtu hivi: ijaribu testa kwanza kwenye soketi unayojua ina moto, ndipo upime waya unaotaka kuugusa, kisha rudi tena kwenye ile soketi. Testa iliyokufa haiwaki, nawe utadhani waya hauna moto. Ile hatua ya mwisho alikuwa anairuka, namrudisha. Sasa siku moja tunavuta waya, kila mtu katazama kazi yake, akaanza mwenyewe kunieleza mambo ya kwao. Mvulana ukimkalisha kwenye kiti umkodolee macho, hasemi. Mpe kazi mkononi.

La ada: nilimwambia mama yake mapema, na kijana anasikia, "natoa muda na ufundi, hela sina." Hawajaniomba. Alipoiva nikaenda naye VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, kuulizia ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi, wanaokupima ulichojifunza mtaani na kukupa cheti. Peke yake angeishia getini.

ustawi_mstaafu
Fundi umesema vizuri, ila naongeza la upande wangu, na msilidharau kwa sababu mnafahamiana. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo mzazi aridhie kwanza, na mtendaji wa mtaa ajue nani anakaa na nani. Mikutano iwe mahali pa wazi, si chumbani kwa mtu, na meseji za usiku hapana. Vijana waambiwe kuhusu namba 116, ya bure, ya kuripoti ukatili kwa watoto. Mtu mzima akichukizwa na masharti haya, mshukuru na umwache aende zake.

dogo_wa_Buzuruga
Shikamooni wakubwa. Mimi nasema kama kijana. Hotuba tumeshiba. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, TAMISEMI wanafungua Selform, ile fomu ya machaguo ya mtandaoni, kwa muda ubadilishe tahasusi (mchepuo wa masomo ya kidato cha tano) au chuo, kisha wanafunga. Rafiki yangu alifaulu Fizikia vizuri kuliko alivyotegemea, akabaki na machaguo aliyojaza shuleni kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua kuna dirisha. Mimi nilipoomba mkopo wa chuo, cheti cha kuzaliwa kilitakiwa kihakikiwe RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo. Karani mmoja wa stendi alikaa nami jioni pale kwenye stesheneri hadi tukamaliza. Kwangu mimi huyo ndiye mlezi, ingawa yeye mwenyewe hajui.

MamaCherehani_Igoma
Marahaba dogo, asanteni wote. Mtumishi wangu wa ada nitamrudia, lakini sasa namwomba Selform tu, matokeo yakitoka, pale pale darasani na mlango wazi. Kazi ya kompyuta anaiweza kunizidi mara mia. Mtendaji nitamwona Jumatatu.

Fundi, nina binti anataka kujifunza friji na viyoyozi, kila fundi anamwambia aje kwangu ashone. Kushona hataki, na mimi simlazimishi. Unamjua mtu?

FundiUmeme_Nyakato
Yupo mmoja Mabatini, ana wasichana wengine karakana kwake. Mkali kidogo, wa saa. Njoo inboksi, na uje na mama yake binti.

mzee_wa_kona
Mimi nilikuwa mhasibu. Hesabu za kidato cha nne bado nazikumbuka. Hiyo shule iko upande gani wa barabara?