Kisigino na kidole: wanafunzi wa udereva Uganda wafundishwe?

GiaYaTatu: Nasema wafundishwe kisigino na kidole, yaani kubana breki na kupiga resi kwa mguu uleule wa kulia wakati wa kushusha gia. Wayo wa kulia unabana breki na haulegei. Wa kushoto unakanyaga klachi, mkono unashusha gia toka tatu hadi mbili, kisha ukingo wa nje wa wayo uleule wa kulia unapiga resi fupi, ndipo klachi inaachiwa. Bila ile resi gari linaruka, na kama linasukumwa na tairi za nyuma, zinaweza kufunga, yaani kuacha kuzunguka, katikati ya kona.

MwanaElgon: Mtu bado anazimisha gari kwenye foleni ya Jinja Road, wewe unamwandalia mbio za magari za Pearl of Africa Rally! Mteremkoni aweke nyutro, gia huru, aokoe mafuta, inamtosha.

FundiWaKisekka: Nyutro? Ssebo, futa kauli hiyo kabla mtu hajaifuata. Gari la injekta likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta inakata petroli. Ukiweka nyutro, injini inakunywa ili isizimike. Unaokoa nini? Ukishuka mteremko wa Kanaba kuingia Kisoro hivyo, breki zinabeba mzigo wote, mafuta ya breki yanachemka, pedali inazama.

MwanaElgon: Za zamani za kabureta, zisizo na kompyuta, je? Au hizo si gari?

FundiWaKisekka: Za kabureta nazo zina breki zilezile zinazoungua.

DadaKlachi: Mimi nauliza hilo la tairi kufunga. Sinkro zina kazi gani basi?

GiaYaTatu: Sinkro inasawazisha vyuma vya ndani ya giaboksi, haigusi flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini. Piga hesabu: uwiano wa gia ya tatu ni 1.3, wa ya pili 1.9. Injini ikiwa mizunguko 3,000 kwa dakika, kwa mwendo uleule gia ya pili inataka karibu 4,400. Hiyo 1,400 usipoileta kwa mguu, itavutwa na tairi.

DadaKlachi: Achia klachi polepole, yaishe.

GiaYaTatu: Yanaishia kwenye klachi pleti. Inateleza, inapata moto, inalika.

FundiWaKisekka: Hata kabla ya resi, kagua pedali. Breki ikibanwa kwa nguvu ibaki sawa na pedali ya mafuta au juu yake kidogo. Ikizama chini yake kwa sababu ya hewa kwenye mabomba, mguu unakanyaga mafuta wakati unataka kusimama. Toa hewa kwanza. Na kandambili zivuliwe.

MwanaElgon: Ya kandambili nakubali. Nyutro hamjanishawishi.

AbiriaWaMbale: Wewe hujashawishika, sisi tumo ndani! Taksi ya abiria 14 inashuka toka Kapchorwa, dereva ameweka nyutro, harufu ya breki imejaa garini. Shule zifundishe hatari ya nyutro kwanza, kisigino kingoje.

FundiWaKisekka: Na zifundishe hivi: gia ya kushukia ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza. Ya pili kwenye mteremko mkali, na breki ibanwe imara kisha iachiwe ipoe. Ukingoja mpaka kasi imezidi, gia ya pili haiingii.

MwanaElgon: Haiingii kwa sababu hujapiga resi.

GiaYaTatu: Ndicho nilichosema tangu mwanzo!