Nastaafu Agosti, goti linanisumbua

Mwalimu, Nakuru:
Wenzangu, Agosti natimiza 60, chaki naiweka chini. Nikishuka ngazi, goti la kushoto linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Natamani sana kupanda Menengai kila Jumamosi. Nianzie wapi?

Mama wa Kisumu:
Mwalimu, mlima ungoje. Muone daktari kwanza. Mimi hutembea kuelekea Dunga alfajiri, dakika 30, siku 5. Ndizo zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Mzee, Kakamega:
Na misuli je? Angalau siku 2 kwa wiki. Chai ikichemka, mimi huinuka kitini bila kushika popote, mara 10. Paja likikaza, goti hupumua.

Mwalimu, Nakuru:
Asanteni mno. Nimejaribu sasa hivi, nimefika 6.